Galaksi ndogo ikimezwa huenda wapi?
Umeuliza kama galaksi ndogo ikimezwa na Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, hutoweka papo hapo. Hapana, inararuka polepole, kwa mabilioni ya miaka. Mvutano wa galaksi yetu huushika upande wa karibu kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali, kama Mwezi unavyofanya bahari ijae na kupwa. Nyota zinazochomoka upande wa ndani hutangulia, za upande wa nje hubaki nyuma, na hapo unatokea mkondo mrefu wa nyota.

Mfano mzuri kuliko yote, kwangu mimi, ni galaksi ndogo iliyo upande wa kundinyota la Mshale (Sagittarius). Iligunduliwa 1994 na wanaastronomia Ibata, Gilmore na Irwin, na mkondo wake umeizunguka Njia Nyeupe yote. Kiini chake bado kipo, na ndani yake limo fundo la nyota la M54, ambalo mwanaastronomia Mfaransa Charles Messier aliliona tangu 1778 akidhani ni doa la ukungu tu. Kwetu Afrika Mashariki linapita juu sana usiku wa Julai na Agosti. Kama mbingu ni nyeusi kweli, hata darubini ndogo ya mkononi inatosha.

Nyota hizo zikishachanganyika na zetu, bado zinatambulika kwa mwendo wake na kwa kiasi cha metali (kwa wanaastronomia, elementi zote nzito kuliko hidrojeni na heli) kilichomo ndani yake. Satelaiti ya Gaia, iliyorushwa 2013, imepima mwendo wa nyota zaidi ya bilioni moja, ndiyo maana siku hizi mikondo mingi inaibuliwa.