Gari Linadai Moduli ya Kruzi Kontroli Haijibu: Je, Ninunue Nyingine?

SWALI: Ndugu mwandishi, gari langu liliagizwa kutoka Japani na kruzi kontroli yake, yaani mfumo wa kushika mwendo bila kukanyaga mafuta, hutumia rada kupima umbali wa gari lililo mbele. Mwezi uliopita niligonga gari kidogo kwenye foleni ya Barabara ya Thika, bampa ikabadilishwa. Wiki mbili baadaye, siku ya mvua kubwa, taa ya onyo iliwaka na kruzi kontroli ikakataa kabisa. Mashine ya fundi ilionyesha msimbo U0104, naye akasema moduli, yaani kompyuta ndogo ya mfumo huo, imekufa. Je, ninunue nyingine?
Msomaji, Donholm

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usinunue bado. Msimbo unaoanza na herufi U unahusu mawasiliano baina ya kompyuta za gari, na U0104 unasema tu kwamba kompyuta nyingine zilisubiri ujumbe wa moduli ya kruzi kontroli zisiupate. Ni taarifa ya majirani, na jirani anayekuta mlango umefungwa hawezi kujua kama mwenye nyumba amefariki, amelala au amekatiwa umeme.

Mwombe fundi asome kompyuta zote, si ya injini peke yake. Akikuta pia U0100 wa injini au U0121 wa breki za ABS, ashuku kwanza betri dhaifu au nyaya ambazo kompyuta hizo zote huchangia. U0104 ukiwa peke yake, shaka ibaki kwenye tawi la moduli hiyo: fyuzi, umeme unaoingia, waya wa ardhi na plagi. Mashine ikiweza kuzungumza na moduli yenyewe, basi moduli i hai na kuna mahali panapogusa na kuachia.

Kwa gari lako ningeanzia nyuma ya bampa, kwa kuwa ile mvua uliyoitaja ina uzito mkubwa. Rada, ambayo mara nyingi huwa kifaa kimoja na moduli hiyo, hukaa huko mbele, na plagi isiyofungwa hadi ikalia, au iliyorudishwa bila mpira wake, huingiza maji. Betri ikiwa imechomolewa, plagi ifunguliwe na kila pini imulikwe kwa tochi kutafuta kutu ya kijani, kupinda au kurudi ndani. Nimewahi kuona pini iliyorudi ndani milimita mbili tu ikinyamazisha rada, ilhali mwenye gari alikuwa amekwisha kulipia moduli ya pili.

Hapo ndipo multimita, kipimo cha umeme, itumike. Katika magari mengi, betri ikiwa bado imechomolewa, pini ya 6 na ya 14 za soketi iliyo chini ya usukani, ile inayochomekwa mashine ya fundi, husoma takriban omu 60 (kipimo cha ukinzani wa umeme), kwa sababu mtandao wa nyaya unaounganisha kompyuta una rezista mbili, yaani vizuizi vya umeme, za omu 120, moja kila mwisho. Akisoma 120, mwisho mmoja umekatika. Akisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Lakini 60 haitoshi kumtuliza fundi, maana tawi la rada laweza kukatika na kipimo kisibadilike, na katika baadhi ya magari mtandao wa rada haufiki kwenye soketi hiyo. Ni lazima nyaya za tawi zipimwe hadi kwenye plagi yenyewe.

Rada ikifunguliwa au ikisogezwa, ielekezwe upya kwa vipimo vya mtengenezaji, la sivyo inaweza kusoma gari la njia ya pili. Kabla ya matengenezo hayo, chukulia kwamba breki ya dharura inayojifunga yenyewe nayo haifanyi kazi, na unapopita barabara ya juu ya Mlolongo hadi Westlands uache nafasi kubwa zaidi mbele yako.