Majitaka, dawa na mionzi: maswali yenu

Makala iliyopita, kuhusu kuvunja masalia ya dawa kwenye majitaka kwa miale ya elektroni zinazorushwa na mashine, imeleta maswali mengi. Nimechukua yale yaliyojirudia.

Maji yakishapigwa mionzi, si yanabaki na mionzi?

Hapana. Elektroni hizi hazina nguvu ya kuchokoa kiini cha atomu. Zinapasua molekuli tu, na mashine ikizimwa mionzi imekwisha. Glovu na sindano nyingi za hospitali hutakaswa kwa kilogrei 25 (kilogrei ni kipimo cha dozi ya mionzi), nawe huziogopi. Majitaka kwa kawaida huhitaji kilogrei chache.

Kwa hiyo dawa inaungua?

Haiungui. Kilogrei 1 hupandisha joto la maji kwa robo ya nyuzi tu. Mionzi hupiga maji yenyewe, maana ndiyo mengi, na maji yakipasuka hutoa chembe kali zisizotulia, hasa radikali za haidroksili. Hizo ndizo zinazoishambulia diklofenaki (dawa ya maumivu) au kabamazepini (ya kifafa), dawa ambazo bakteria wa mabwawa ya kusafishia majitaka huzishindwa.

Shida ni kwamba hazichagui. Zikikuta uchafu mwingine humalizikia huko, ndiyo maana mionzi hufaa mwishoni, baada ya bakteria kufanya kazi yao. Tena elektroni zenye nishati ya MeV 1 (volti-elektroni milioni moja) hupenya maji milimita 4 hivi, kwa hiyo maji lazima yapite kama utando mwembamba. Na mtu akikwambia diklofenaki imetoweka, muulize imegeuka nini: kuna vipande vyenye sumu kuliko dawa yenyewe.

Kuna wanaoitumia kweli?

Daegu, Korea Kusini, walianza mwaka 2005: meta za ujazo 10,000 kwa siku. Lakini yalikuwa maji ya viwanda vya kutia rangi vitambaa. Kwa masalia ya dawa mijini, Uswisi imechagua gesi ya ozoni na kaboni amilifu (mkaa maalumu unaonasa kemikali), na sioni kosa lao. Mionzi ningeipeleka kwenye kiwanda cha dawa. Huko Patancheru, karibu na Hyderabad, India, watafiti waliripoti mwaka 2007 siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, hadi miligramu 31 kwa lita ya maji yaliyokwisha kusafishwa, kiwango kinachozidi kile cha damu ya mgonjwa anayeitumia!

Na Mto Nairobi?

Humo zimepatikana dawa za kufubaza VVU, zikiwamo nevirapini na lamivudini. Ila majitaka yanayoingia mtoni bila kupita kwenye bomba hayatakutana na mashine yoyote, iwe ya bei gani. Mabomba kwanza.

Dawa zilizopitwa na muda nizimwage chooni?

Usimwage. Ulizia famasia au kituo cha afya kama wanazipokea. Hilo litapunguza sehemu tu ya tatizo, kwani metformini ya mgonjwa wa kisukari hutoka kwenye mkojo karibu kama ilivyomezwa.