Maswali na majibu: Tótkomlós, mji wa Waslovakia kusini mwa Hungaria

Jina Tótkomlós lina maana gani?

"Tót" ni neno la kale ambalo Wahungaria waliwaitia Waslovakia. "Komló" ni hopsi, mmea unaoipa bia uchungu wake. Leo Waslovakia wengi huliona neno "tót" kuwa la dharau, lakini mji haujalifuta. Kwa Kislovakia unaitwa Slovenský Komlóš.

Waslovakia walifikaje huko, mbali na kwao?

Waturuki waliokuwa wakiitawala sehemu hiyo ya Hungaria walipofukuzwa, uwanda wa kusini ulibaki mahame. Wenye ardhi wakaita wakulima kutoka kaskazini. Mwaka 1718 Waslovakia wa Kilutheri walitua Békéscsaba, na mwaka 1746 wengine wakaanzisha Tótkomlós. Safari haikukomea hapo: mwanzoni mwa karne ya 19 baadhi ya familia zilihama tena, zikaenda Nădlac, ambao leo uko Romania.

Je, kanisani walisali kwa Kislovakia?

Hapa ndipo penye utamu. Kitabu chao cha nyimbo ni Cithara Sanctorum cha Juraj Tranovský, kilichochapwa Levoča mwaka 1636; waumini hukiita Tranoscius tu. Lakini lugha yake ni Kicheki cha Biblia ya Kralice, tafsiri ya Kicheki ya karne ya 16. Kwa hiyo mkulima aliyemwita ng'ombe wake kwa Kislovakia cha nyumbani, Jumapili alifungua kitabu kile kinene akaimba kwa Kicheki cha kale, na ndani ya nchi ya Wahungaria. Lugha ile ya ibada, kwa maoni yangu, iliwaunganisha kuliko sheria yoyote. Kanisa lao kubwa la Kilutheri ni la mwishoni mwa karne ya 18, baada ya Kaisari Joseph II kutoa amri ya kuvumiliana kidini mwaka 1781.

Mbona leo Kihungaria ndicho kinachosikika zaidi?

Shule ndizo zilizoanza kuwasukuma watoto kwenye Kihungaria, hasa baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1907. Kisha likaja pigo la mkataba wa Februari 1946 kati ya Hungaria na Chekoslovakia, wa kubadilishana watu. Waslovakia wapatao 73,000 waliondoka Hungaria, na Tótkomlós ilipoteza wengi. Walipakia makabati, nafaka na mifugo kwenye mabehewa, wakielekea nchi ambayo mababu zao waliiacha zaidi ya miaka 200 nyuma. Nyumba walizoziacha walipewa Wahungaria waliohamishwa kutoka Chekoslovakia, nao pia wakiwa wameacha zao.