Maswali na majibu: Gandhi, Ambedkar na wanaowasoma vipande vipande

Safu ya leo yote ni ya fikra za siasa za India ya kisasa. Maswali ni mengi, na mengi ni ndugu wa baba mmoja. Yale yanayorudi kila mara nimeyajibu kwa ufupi.

Nina mtihani wa fikra za siasa za India. Nianze na kitabu gani? (Mwanafunzi, Morogoro)

Usianze na vile vitabu vya kumpa kila mwanafikra sura yake, kana kwamba watu hawa hawakuwahi kugombana. Ugomvi wao ndio somo lenyewe. Anza na *Hind Swaraj* ya Gandhi, sura 20 fupi alizoziandika kwa Kigujarati melini, Novemba 1909, akirudi Afrika Kusini kutoka London. Ni mazungumzo ya Mhariri na Msomaji. Mhariri ndiye Gandhi. Msomaji anasema ya Wahindi waliotaka kumtoa Mwingereza kwa silaha. Piga mstari katikati ya ukurasa wa daftari, huku Msomaji, kule Mhariri, ujaze sura baada ya sura. Asiyefanya hivyo huishia kunukuu maneno ya Msomaji na kuandika "Gandhi anasema".

Kisha chukua *Annihilation of Caste* (Kuangamiza Matabaka) ya Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, yaani watu waliowekwa chini kabisa ya matabaka ya Kihindu na kuitwa wasioguswa, na hakikisha unasoma toleo la 1937 au la baadaye. Lile la kwanza la 1936 halina majibizano yake na Gandhi. La pili lina majibu ya Gandhi yaliyotoka katika gazeti lake Gandhi, Harijan, na Ambedkar anavyomjibu. Hotuba yenyewe haikusomwa popote. Chama cha kupinga matabaka cha Lahore kilimwalika, kikaona rasimu, kikataka apunguze makali dhidi ya maandiko ya Kihindu. Akakataa kubadili hata koma, mkutano ukafutwa, akachapisha nakala 1,500 kwa fedha zake. Basi unaposoma, kumbuka aliokusudia wamsikilize: Wahindu wa tabaka za juu waliojiona wanamageuzi. Ndiyo maana mapigo mengi yanawaangukia wao kuliko wahafidhina.

Je, Gandhi ndiye aliyeandika Katiba ya India?

Hapana. Hakuwa hata mjumbe wa Bunge la Katiba, na aliuawa 30 Januari 1948, Katiba ikapitishwa 26 Novemba 1949. Mwenyekiti wa kamati ya rasimu alikuwa Ambedkar.

Naomba nukuu kumi nzuri za Gandhi za kuwekea insha yangu. (Msomaji, Kisumu)

Sina. Ile ya "kuwa mabadiliko unayotaka kuyaona duniani", ambayo najua ingekuwa ya kwanza katika orodha yako, haimo katika maandishi yake kwa maneno hayo. Maandishi yake yaliyokusanywa ni juzuu 100 zilizopangwa kwa tarehe. Nukuu isiyo na tarehe wala mahali ilipotoka, ifute.

Mwalimu anasema Mkataba wa Poona uliwapa Wadalit viti vingi zaidi. Kwa nini basi Ambedkar aliulalamikia? (Mwalimu mwanafunzi, Dodoma)

Mwalimu wako kahesabu viti, hakuhesabu kura. Agosti 1932 serikali ya Uingereza iliamua kwamba Wadalit wawe na majimbo maalumu ambamo wao peke yao wanapiga kura, na zaidi ya hapo wapige kura pamoja na Wahindu wengine katika majimbo ya kawaida. Gandhi, akiwa gereza la Yerawada, akaanza kufunga kula 20 Septemba kuupinga uamuzi huo. Siku nne baadaye mkataba kati ya Ambedkar na viongozi wa Kihindu ukasainiwa: viti 148 katika mabaraza ya mikoa, karibu mara mbili ya vile vya awali, ila uchaguzi uwe wa pamoja. Wadalit wangefanya mchujo wa wagombea wanne, kisha wapiga kura wote wachague mmoja.

Piga hesabu ya jimbo la mfano. Wapiga kura 10,000, Wadalit 2,000. Katika mchujo mgombea wa kwanza anapata kura 1,500, wa nne anapata 100. Wote wawili wamepita. Siku ya uchaguzi wale 8,000 wakimpenda wa nne, kiti ni chake, na anajua fika nani kamweka pale. Viti vimeongezeka, lakini ufunguo umebaki kwa wengine. Mwanafunzi anayeandika kwamba mkataba ulikuwa "maridhiano" bila kueleza mchujo huo hajajibu swali.

Ni kweli Gandhi aliwadharau Waafrika?

Kwa miaka yake ya Afrika Kusini, ndiyo, na yumo mwenyewe kwenye maandishi. Soma alivyoandika Machi 1908 katika gazeti lake, Indian Opinion, juu ya kufungwa jela: kinachomuudhi ni Wahindi kuwekwa kundi moja na Waafrika. Sanamu yake iliondolewa Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2018 kwa sababu za aina hiyo. Halafu soma mazungumzo yake ya 1936 na Howard Thurman, mchungaji Mmarekani mweusi, anapomwambia kwamba huenda ujumbe safi wa kutotumia nguvu ukafikishwa duniani na Weusi. Mtu alibadilika. Anayekupa 1908 peke yake anakuchagulia, na anayekupa 1936 peke yake vilevile.

Hindutva si ndiyo dini ya Kihindu tu?

Savarkar mwenyewe, aliyeieneza Hindutva kama itikadi ya siasa, katika kitabu chake cha 1923, anakataa kuzifanya moja. Kipimo chake ni kwamba India iwe nchi ya baba zako na pia nchi yako takatifu. Kwa kipimo hicho Mbudha na Msikh wa India wanaingia, Mwislamu na Mkristo wanabaki nje hata kama babu zao wote walizikwa hapo. Hiyo ni nadharia ya taifa. Ijadili hivyo, na uache kuwatukana majirani zako waendao hekaluni.

Hakukuwa na wanawake?

Walikuwepo, mitaala ndiyo imewaruka. Tafuta *Stri Purush Tulana* (Ulinganisho wa Wanawake na Wanaume) ya Tarabai Shinde, kwa Kimarathi, 1882, iliyochochewa na kesi ya mjane kijana aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtoto wake mchanga. Ni fupi, unaimaliza jioni moja. Isome pamoja na *Gulamgiri* (Utumwa) ya 1873 ya Jotirao Phule, mwanamageuzi aliyepinga matabaka, maana Phule ndiye aliyesimama kumtetea Tarabai aliposhambuliwa, wakiwemo washambuliaji kutoka kambi ya Phule mwenyewe.