Kabla hujafungua hata skrubu moja: gitaa la pedali lililotengenezwa kwa mkono

Gitaa lilikaa juu ya meza yetu ya jikoni wiki tatu, miguu imetolewa, tumbo likitazama dari. Wiki ya kwanza mke wangu alivumilia. Ya pili akaniuliza, "Baba Njeri, hiki kitanda cha chuma kitahama lini tupate pa kulia?" Nikamwambia kesho. Tuliendelea kula tukiwa tumepakata sahani.

Nimeulizwa mara kadhaa na Wakenya wenzangu huku Texas, hasa wale wa kwaya, kama inafaa kununua gitaa la pedali la zamani lililotengenezwa na fundi mmoja asiyejulikana, badala ya lenye jina la kiwanda. Jibu langu ni ndiyo, ila nina mambo ya kusema kwanza, kwa sababu mimi nililinunua vibaya na nikaanza kulitengeneza vibaya zaidi.

Kwa asiyelijua: wapigaji huliita stili tu. Halikumbatiwi. Ni kama meza nyembamba yenye miguu minne na nyuzi kumi juu, na mpigaji hukaa nyuma yake kama karani. Mkono wa kulia umevaa kucha za chuma na moja ya plastiki ya kidole gumba. Wa kushoto unatelezesha kipande kizito cha chuma juu ya nyuzi, na hicho kipande ndicho kilicholipa gitaa jina la stili, tangu enzi za Wahawaii walioanza mtindo huo karne ya 19. Mguu wa kushoto unabonyeza pedali, wa kulia unaongeza na kupunguza sauti, na magoti yanasukuma wenzo huku na huku. Chini ya ubao, kila pedali inavuta fito nyembamba za chuma. Fito zinavuta vidole vya alumini vilivyobeba nyuzi. Uzi unapanda au kushuka huku bado unalia. Kama ulikulia Kenya, redio ikitupigia Don Williams na Kenny Rogers mpaka tukadhani ni watu wa Molo, ile sauti ya nyuma inayolia kama mtu anayejikaza asitoe machozi ndiyo hiyo. Na si mali ya Wamarekani peke yao: King Sunny Adé wa Nigeria aliiweka ndani ya muziki wa juju, ikipigwa na Demola Adepoju, na haikusikika ngeni hata kidogo.

Langu nilipata kwa mama mmoja mjane katika mji mdogo magharibi ya Fort Worth. Mimi ni dereva wa lori, hiyo njia naijua. Mumewe alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika kiwanda cha ndege, na jioni alikuwa akijitengenezea stili gereji. Alitengeneza tatu. Hii ni ya tatu. Chini yake amegonga namba 3 kwa patasi ya chuma, basi, hakuna jina wala tarehe. Mama alitaka dola 1,200. Nikampa 1,000 na akanifungia keki kwenye karatasi.

Msiwadharau mafundi kama huyo. Chombo hiki kilizaliwa kwenye karakana za watu wa aina yake. Paul Bigsby wa Downey, California, alikuwa mtu wa kazi za vyuma, na mwaka 1948 alimtengenezea mpigaji Speedy West stili ya pedali kwa mikono yake. Mpigaji Bud Isaacs alitumia stili ya Bigsby kwenye ule wimbo wa mwimbaji Webb Pierce, "Slowly", uliotoka 1954, akabonyeza pedali huku uzi unalia. Wapigaji walioisikia sauti ile wakataka pedali, na si wote waliokuwa na pesa au subira ya kungoja foleni ya fundi mkubwa. Wengi walijitengenezea nyumbani. Kampuni ya stili ya Sho-Bud yenyewe ilianza hivyo hivyo, Shot Jackson na Buddy Emmons wakihangaika na vyuma huko Tennessee, katikati ya miaka ya 1950.

Tofauti inakuja kitu kikivunjika. Ukiwa na stili ya kiwanda, kama Sho-Bud au Emmons ya zamani, wapo watu mpaka leo wanaouza vipuri vyake. Ukiwa na namba 3 ya marehemu fulani, hakuna kipuri duniani. Kila kinachovunjika kitakerezwa upya, na fundi wa leth (mashine ya kukereza vyuma) hapa hakupi dakika zake bure. Kwa hiyo usilipe bei ya jina wala ya uadimu. Lipa bei ya hali yake.

Na hali yake iko chini, siyo juu. Mimi nilitazama juu. Mbao ya mepo yenye madoadoa kama macho ya ndege, vanishi ya rangi ya asali, nikashikwa kama mtu anayenunua gari kwa sababu ya viti. Ungefanya hivi: omba ruhusa uligeuze, toa tochi. Tazama kama fito zote zipo na kama kila moja imeshikwa pande zote mbili. Angalia mabano ya wenzo wa magoti. Yakiwa ya ile chuma laini ya kumimina kwenye kalibu, ya kijivu inayofanana na risasi, tafuta nyufa, kwa sababu ikizeeka huwa inapasuka kama biskuti. Sukuma kila wenzo kwa kidole pembeni, siyo kwa njia yake. Ukicheza sana, tundu limelika. Fungua miguu na uifunge tena mwenyewe, ujue kama nyuzi za skrubu zimeisha. Hesabu fito za kuunganisha pedali na mwili, kwa sababu ndizo hupotea kwenye kuhama nyumba. Langu lilikosa mbili.

Kisha lisimamishe, chomeka tyuna, piga uzi wa nne peke yake (E), na ukiwa unautazama mshale bonyeza pedali mbili zisizogusa uzi huo. Mshale utashuka kidogo. Ni mbao inayopinda kwa mvuto. Ukishuka senti tatu au nne (siyo za pesa, ni vipimo vidogo vya sauti kwenye tyuna), hilo ni gitaa zuri kabisa. Ukishuka kumi na zaidi, kila akodi utakayopiga itakuwa na mtu mmoja anayeimba chini ya wenzake, na hilo huliondoi kwa kusafisha. Kipimo hiki kinachukua dakika moja na ndicho kinachokuambia fundi alikuwa nani. Namba 3 ilishuka senti tatu. Sikupima siku ya kununua. Nilipima nyumbani, nikiwa tayari nimelipa. Bahati tu.

Angalia pia mpangilio wa pedali. Wengi leo wanatumia ule wa Buddy Emmons, pedali zikiitwa kutoka kushoto A, B, C. Wapo waliofuata wa mpigaji mwingine, Jimmy Day, C, B, A. Langu ni la Day na mafunzo yote niliyokuwa nikifuata yalikuwa ya Emmons, ikawa kama kuendesha gari upande wa kulia baada ya miaka ishirini Mombasa Road. Mguu ulizoea baada ya miezi miwili hivi.

Sasa ufufuaji. Hapa ndipo nilipofanya ujinga.

Siku ile ya kwanza mezani nilichora mchoro, ndiyo, lakini nilichora nilichodhani ndicho sahihi, nikiwa na jedwali la kawaida la E9 (mpangilio wa sauti za nyuzi kumi unaotumika sana) mbele yangu. Pedali A inapandisha noti B kuwa C#, kwenye uzi wa tano na wa kumi. Nikafuata fito: ya tano ipo, ya kumi ipo. Halafu nikakuta ufito wa tatu kwenye pedali hiyo hiyo, unakwenda uzi wa saba, F#. Kwenye jedwali haupo. Nilipobonyeza pedali kwa mkono, uzi wa saba ulishuka kwa kiasi ambacho jicho linaona kwa shida. Nikasema mzee alikosea, au kuna mtu baadaye alichokonoa. Nikaufungua, nikautupa kwenye kopo la kahawa pamoja na skrubu zilizobaki. Nilijiona fundi.

Halafu nikasafisha, na hilo angalau nilifanya sawa. Moyo wa stili ni chenja, pale mwisho wa kulia ambapo vidole kumi vya alumini vimepangwa kwenye mhimili mmoja. Baada ya miaka hamsini kulikuwa na grisi nyeusi ngumu kama ulimbo, na uzi ukipanda haukurudi chini mpaka uusukume. Kosa la kawaida ni kupulizia mafuta ya kopo. Siku ile yatalainika na utafurahi, mwezi ujao yatakuwa gundi mpya juu ya gundi ya zamani. Mimi nilitumia mafuta mepesi ya kujazia viberiti vya chuma, mlango wa gereji wazi na pasiwe na moto popote, nikadondosha kwa bomba la sindano kati ya kidole na kidole huku nikibonyeza pedali. Maji meusi yalitoka jioni tatu. Jioni ya nne yakatoka meupe. Nikaacha likauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila kidole, kwa ncha ya sindano, na kitambaa kufuta yaliyozidi. Ukiona mafuta yanatiririka, umeweka mengi.

Juu ya kila kidole uzi huwa umechimba mfereji. Uzi wa tatu, G#, ni mwembamba kuliko wote, namba 11, na unavutwa karibu na mwisho wa uwezo wake, basi mfereji mdogo tu unaukata kila wiki. Nilisugua kidole chake kwa msasa namba 600, kisha 1000, kisha 2000, nikifuata mwelekeo wa uzi, siyo kuukata njia. Kisha dawa ya kung'arisha chuma. Usiende zaidi ya hapo. Kidole kikiisha umbo, hiyo ni kazi ya leth, na kwa gitaa hili huna kidole kingine.

Pikapu (siyo ya kubebea viazi, ni ile sumaku yenye koili inayonasa sauti ya nyuzi) ilikuwa kimya. Multimita haikusoma chochote. Nilikuwa karibu kuituma ikafungwe upya, ila nikainua kwanza mkanda wa pembeni kwa kibano na nikakuta waya umekatika palepale unapolehemiwa, siyo ndani ya koili. Waya wenyewe ni mwembamba kuliko unywele wa mtoto, nilishikilia pumzi. Ikasoma kilo-omu 17, ambayo ni afya njema kwa stili. Tazama pale kabla hujalipa mtu.

Fito mbili za pedali zilizokosekana nilitengenezewa na rafiki Mluhya anayefanya kazi ya vyuma hapa Arlington, kwa chupa mbili za soda na maneno mengi kuhusu jinsi Gikomba wangezitengeneza kwa robo saa.

Nikalisimamisha, nikafunga nyuzi mpya, nikasawazisha. Lilikuwa tamu. Halafu nikabonyeza pedali A nikapiga uzi wa tano na wa saba pamoja, na zikagombana. Nilifikiri ni masikio. Nikaongeza, nikapunguza, nikitengeneza hapa, pale panaharibika. Siku nne nzima, baada ya zamu, mimi na nyuzi mbili.

Ilibidi mzee mmoja mpigaji, niliyekutana naye kwenye kanisa moja la Wabaptisti, anieleze. Ukisawazisha kwa masikio, ile C# ya pedali A unaiweka chini kidogo ya mahali tyuna inapotaka, ili ikubaliane na nyuzi nyingine za akodi. F# ya uzi wa saba haikuguswa, imebaki juu. Peke yake haina kosa, ila karibu na hiyo C# inachubua sikio. "Wengine huvumilia," akasema. "Wengine hufunga ufito mmoja zaidi, unaishusha F# kiduchu kila unapokanyaga A. Lako halina?"

Nilirudi nyumbani nikamwaga kopo la kahawa kwenye sakafu ya gereji. Ufito ulikuwepo. Ncha yake moja ilikuwa na rangi nyekundu kidogo, alama ya mkono wa mwenyewe, ambayo niliiona siku ile ya kwanza na nikadhani ni rangi ya kucha iliyodondoka. Niliurudisha, nikazungusha nati ya nailoni nusu mzunguko, nikapiga tena. Zikapatana.

Kwa hiyo ukianza kazi kama hii, piga picha ya kila ufito mahali ulipo kabla hujashika spana, na uandike kila pedali inafanya nini hasa, siyo inapaswa kufanya nini. Kila kitu unachokiona hakina maana, kibandike karatasi yenye tarehe na ukiweke kando mwaka mzima. Mimi sasa nina mchoro wa pili wa namba 3, na jedwali lake halifanani na la mtu yeyote. Kuna wenzo mmoja wa goti ambao mpaka leo naona kama unafanya kazi kinyume. Sijaugusa.

Hesabu yote ilifika dola 1,000 za gitaa, na kama 140 za nyuzi, msasa, mafuta na kebo. Kasha lake bado halina mpini. Nimelifunga kamba ya katani niliyoitoa kwenye furushi la majani ya chai lililotoka Kericho, inakaza vizuri, na Njeri ameshazoea kuniambia, "Baba, usilishike hapo, litaanguka."