Giza, mashimo na vibaka ni kero moja

Mleta mada ameuliza kama kuna haja ya kuendelea kulalamikia taa zilizokufa na mitaro isiyo na mifuniko wakati watu wanakabwa, au ni bora wakazi wachange waajiri walinzi wao yaishe. Nimekaa kwenye kamati ya usalama ya mtaa kwa miaka kadhaa, nitajibu kwa niliyoyaona.

Kwanza, usiyatenganishe hayo mawili. Tulipowauliza majirani walikabwa wapi, walitaja sehemu zilezile: kona yenye giza, kiwanja kilichoachwa kikaota vichaka, na kipande cha barabara chenye mashimo ambapo kila chombo lazima kipunguze mwendo. Kibaka anachagua mahali asipoonekana na ambapo wewe huwezi kukimbia. Mwanamke anayerudi kazini usiku analijua hilo kuliko ofisa yeyote.

Na limepimwa. Mwaka 2016 jijini New York waliweka taa za muda kwenye baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukapungua kwa takriban 36%. Philadelphia walisafisha viwanja vilivyotelekezwa, wakapanda nyasi na miti. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kuwa kwenye mitaa maskini zaidi matukio ya silaha za moto yalishuka kwa 29%. Kwa hiyo mtu akikuambia taa na usafi ni mapambo, usimkubalie.

Walinzi siwapingi. Ila wanamlinda aliyechangia, na wezi wanahamia mtaa wa pili kwa wasio na uwezo. Mageti ya kuingilia mtaani nayo yakifungwa usiku, gari la wagonjwa na la zimamoto linapita wapi? Na kinachoniumiza sana ni kwamba tunajikuta tunalipia mara ya pili kazi ambayo kodi yetu imeshailipia.

Sasa namna ya kulalamika, na hapa ndipo wengi tunakwama. “Mtaa wetu una giza” ni sentensi isiyo na mtu wa kuishughulikia. Tembeeni usiku, andikeni namba ya kila nguzo (mara nyingi imebandikwa au kupakwa rangi) na hali ya taa yake. Taa moja ikizima, huenda ni balbu au fyuzi ya nguzo hiyo. Mstari mzima ukizima, tatizo liko kwenye kebo au kwenye sanduku la umeme linalolisha mstari, na fundi aliyekuja na ngazi na balbu tu atarudi mikono mitupu. Zile za mwanga wa rangi ya chungwa zikianza kuwaka na kuzima zenyewe, balbu imechoka. Zikiwaka mchana kutwa, kagueni kihisi cha mwanga, yaani kifaa kinachowasha taa giza likiingia na kuizima kukikucha. Barua yenye maelezo hayo inampa mhandisi kazi, na inamnyima kisingizio.

Mifuniko ni ngumu zaidi. Shimo moja linaweza kuwa la maji taka, la maji ya mvua au la nyaya za simu, na kila ofisi itakwambia “hilo si letu”. Waombeni waandike hivyo kwa barua. Kwetu ofisi iliyokana kwa mdomo haikuthubutu kukana kwa maandishi, na mfuniko ukaja. Wakati mnasubiri, wekeni alama inayoonekana usiku. Mtoto akitumbukia, hakuna barua itakayomrudisha.

Jambo jingine: ripotini polisi hata wizi wa simu, na mchukue namba ya taarifa. Najua wengi wamekata tamaa, wanasema haitapatikana. Huenda kweli haitapatikana, lakini tukio lisiloandikwa halihesabiki wakati doria zinapopangwa, na mtaa wenu utaonekana shwari kwenye karatasi. Wanaoogopa kwenda peke yao wasindikizwe; kwetu wazee wa mtaa ndio walioifanya kazi hiyo, na vijana wakaanza kuripoti.

Taa za barabara kuu zimerudi, mfuniko upo. Kiwanja chenye vichaka bado: mmiliki hajulikani aliko, manispaa inasema haiwezi kuingia bila kutoa notisi, na notisi yenyewe haijaandikwa. Barua inayofuata inaenda kwa diwani, na nakala kwa mkurugenzi, ikiambatana na namba za taarifa za polisi za wote waliokabwa pale.