Mirihi: upepo au maji?
Umeuliza ni kipi kilichoichonga sura ya Mirihi, upepo au maji. Ni vyote viwili, ingawa si kwa kipindi kimoja. Mwaka 2012 gari la utafiti Curiosity, lililotua katika kreta ya Gale (shimo pana la mviringo), lilipiga picha za changarawe za mviringo zilizogandamana ndani ya mwamba, baadhi zikiwa kubwa kuliko gololi, na kokoto za ukubwa huo hazipeperushwi na upepo. Kingo zake zililainishwa na kijito kilichozibingirisha, ambacho watafiti walikadiria kuwa kina chake kilifika kati ya kifundo cha mguu na nyonga. Maji hayo yalikauka mabilioni ya miaka iliyopita, na kazi ikabaki kwa upepo. Mgandamizo wa hewa ya huko haufiki asilimia 1 ya ule wa Dunia, kwa hiyo hata dhoruba yake isingekuyumbisha. Hata hivyo vilima vya mchanga vya Bagnold, kwenye miteremko ya chini ya Mlima Sharp ulio ndani ya kreta hiyo, husogea takriban mita 1 kwa mwaka wetu, na punje zake huugonga mwamba na kuula polepole.